Mkono Ujiondoe Wenyewe: Kwa Mnaoanza Ngozi ya Roboti

Wadogo zangu wa karakana ya Ngamiani hapa Tanga, wiki hii nimeona tena mkono wa roboti uking'ang'ania pasi ya kulehemu ya moto huku laptopu ikisubiriwa iamue kama uachie. Nawapenda, lakini hili limenichosha. Kaeni tuongee.

1. Maumivu yana njia yake. Kila kundi jipya huja na sharti lilelile: namba inayosomwa kwenye kihisi ikizidi 900, andika "inauma". Mwilini neva za mguso mwepesi ni nyingine na za maumivu nyingine. Hizi hukaa kimya mpaka kitu kifikie kiwango cha kudhuru. Kwa joto ni kama nyuzi 43 za Selsiasi. Zile za haraka husafirisha ujumbe mita 5 hadi 30 kwa sekunde, na uti wa mgongo huurudisha mkono kabla ubongo haujajua kuna nini.

Sasa tazameni mlichojenga. Usomaji wa thamista, yaani kihisi cha joto, unapita kwenye wastani wa sampuli 50, mchomo mfupi unayeyukia humo. Ukitoka hapo unapanda waifai, unapanga foleni nyuma ya picha za kamera, na jibu likirudi linaikuta programu imelala kwenye delay, ile amri ya kusubiri. Mpira wa kidole uliungua mpaka harufu ikamfikia muuza mihogo nje, skrini bado inasema "kawaida". Mwenye programu akaanza kufungua kidole, akiamini kihisi kimekufa. Kihisi kizima kabisa! Kililia mapema, ila hakikuwa na njia ya kuifikia mota. Jamani, kateni mota palepale mkononi, kwa komparata (saketi inayolinganisha volti mbili) au interapti (ishara inayoikatiza programu papo hapo), ndipo mtume taarifa juu kwenye laptopu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow mwaka 2022 walionyesha ngozi ya kielektroniki yenye transista 168 (vijenzi vidogo vya kudhibiti umeme) zinazochakata mguso kwenye ngozi yenyewe. Someni kazi yao kabla ya kuniomba kompyuta kubwa zaidi.

2. Jeraha likumbukwe. Ukirukiwa na mafuta ya moto, kesho yake hata shati likigusa pale unashtuka, kwa sababu kizingiti cha maumivu kimeshuka. Mwaka 2018 watafiti waliiga tabia hiyo kwa memrista, kijenzi cha umeme kinachokumbuka kilichokipitia. Nyinyi shusheni kizingiti cha eneo lililoumia, kisha kiinueni tena taratibu. Na kihifadhini kwenye EEPROM, kumbukumbu isiyofutika umeme ukizimika, maana umeme wetu mnaujua: ukikatika, roboti inaamka bila habari ya kidonda na kushika palepale.

3. Upepo wa bahari una chumvi, pakeni vanishi kwenye bodi.

4. Sawazisheni vihisi asubuhi na tena mchana. Joto la Tanga linayumbisha usomaji.

Jumamosi leteni ule mkono. Tutazima waifai kwanza, tuchomoe laptopu, kisha tusogeze pasi. Ukijiondoa, nitakaa nanyi tuanze habari ya kamera.