Dawa za mama mkwe zimeisha muda: nizitupe wapi hapa Marekani?

SWALI: Habari za kazi, Daktari. Naishi Columbus, Ohio, na mume wangu na watoto wawili wadogo. Mama mkwe alikuja kututembelea, amesharudi Mwanza na kutuachia mfuko mzima wa dawa: Panadol na amoksilini alizotoka nazo nyumbani, za presha, kalamu za insulini na sindano zake, pamoja na vidonge vya maumivu alivyopewa hospitali ya hapa baada ya upasuaji. Nyingi zimeisha muda. Kwetu tungezitumbukiza chooni, basi. Hapa rafiki yangu anasema kuna sanduku la kutupia dawa kituo cha polisi. Mimi na mfuko wa dawa zisizo na jina langu, niende polisi kweli?

JIBU: Nzuri, dada yangu. Nianze na hilo la polisi, maana ndilo linalowafanya wengi wetu ugenini wakae na dawa mbovu kabatini miaka nenda miaka rudi.

Sanduku hilo ni la chuma, limesimama ukumbini kama sanduku la posta. Unavuta mlango wake mdogo, unatumbukiza, unaufunga, unaondoka. Huandikishi jina, huonyeshi kitambulisho. Na kama ukumbi wa polisi unakunyima raha, masanduku hayo hayo yapo kwenye maduka mengi ya dawa na baadhi ya hospitali. Ulizia lile unalochukulia dawa zako. Mara mbili kwa mwaka pia, mwezi wa nne na wa kumi, huwa kuna siku ya taifa ya kukusanya dawa, na hapo nako hakuna maswali. Dawa za Mwanza na za Ohio zote zinaingia humo. Futa tu jina la mama kwenye lebo kwa kalamu nzito ya wino mweusi.

Kinachonitia wasiwasi kwenye mfuko wako ni vile vidonge vya maumivu. Soma lebo. Ukikuta haidrokodoni, oksikodoni au morfini, vitoe nyumbani leo, hata kama muda wake haujaisha. Kidonge kimoja chaweza kusimamisha pumzi ya mtoto mdogo. Ndiyo maana FDA, mamlaka ya dawa ya hapa, ina orodha fupi ya dawa ambazo, kama huwezi kufika kwenye sanduku upesi, unaruhusiwa kuzimwaga chooni, na hizo tatu zimo. Plasta za fentanili, dawa kali ya maumivu inayobandikwa kwenye ngozi, nazo zimo: zikunje gundi kwa gundi kwanza, kwa kuwa hata iliyokwisha kutumika hubaki na dawa ya kutosha kuua.

Zilizo nje ya orodha hiyo zisiende chooni. Mitambo ya kusafisha majitaka haikujengwa kuchuja dawa, nyingine hupita hadi mtoni. Na choo cha shimo cha kwetu si salama zaidi, hasa pale kisima kikiwa hatua chache tu pembeni.

Ukikosa sanduku kabisa, Panadol, amoksilini na za presha zinaweza kwenda na taka za kawaida, ila ziharibu sura kwanza. Vitoe vidonge kwenye pakiti bila kuvisaga, changanya na machicha ya kahawa, udongo au mchanga wa choo cha paka, kisha funga barabara ndani ya mfuko wa plastiki. Mtoto hatavutiwa, na mpekuzi wa mapipa hatajua ni nini.

Sindano usizitie kwenye sanduku la dawa. Tafuta galoni tupu la sabuni ya maji ya kufulia, lile la plastiki ngumu. Tumbukiza sindano humo bila kuirudishia kifuniko chake (watu wengi hujichoma hapo hapo), na galoni likifika robo tatu lifunge kwa utepe wa gundi na uandike kwamba ndani mna sindano. Namna ya kulitupa hutofautiana kwa jimbo; California, kwa mfano, wamekataza kabisa kulitia kwenye taka za nyumbani. Piga simu ofisi ya taka ya mji wako.

Kuhusu tarehe: lebo ya duka la dawa la hapa hutanguliza mwezi, kwa hiyo 04/06 ni tarehe 6 Aprili. Pakiti yenye mwezi na mwaka tu ni nzima hadi siku ya mwisho ya mwezi huo. Kalamu ya insulini iliyokwisha kuanza kutumika, aina nyingi hudumu siku 28 tu, hata kama tarehe iliyochapwa ni ya mwakani.

Najua kuna ndugu atakayesema zilizobaki zitumwe Mwanza. Usitume. Vile vya maumivu kuvitia posta ni kosa la jinai, na za presha mama ataandikiwa huko huko na daktari anayempima.

Na kabla hujamaliza kazi hii, weka namba hii kwenye simu yako: 1-800-222-1222, kituo cha sumu, bure, saa 24. Mtoto akimeza kitu, piga, na uombe mkalimani wa Kiswahili. Akiwa hapumui vizuri au haamki, piga 911 kwanza.