Baada ya Masomo ya Mwanzo ya Python: Jibu kwa Msomaji wa Kasulu

Wiki mbili zilizopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana wa Kasulu ambaye amemaliza masomo ya mwanzo ya Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na sasa amekwama. Anasema orodha anazijua, kamusi (mahali pa kuweka vitu na kuvitafuta kwa jina) anazijua, masharti, vitanzi na fanksheni (kipande cha programu kinachoitwa kwa jina lake kifanye kazi) vyote anavijua, na kila zoezi analopewa hulimaliza. Lakini akifungua faili tupu ili aandike programu yake mwenyewe, hajui aanzie wapi. Aliniuliza achukue somo gani linalofuata. Nilimjibu kwa ufupi usiku ule ule, kisha nikaona kwamba jibu langu halikutosha, kwa sababu swali lake ndilo nililoishi nalo karibu miaka miwili hapa Kigoma, na lilininyima kazi niliyoitamani kuliko kazi nyingine yoyote.

Nami nilikuwa mtu wa kukusanya masomo. Nilikuwa nikinunua bando la usiku, napakua video hadi alfajiri, na kila kozi ilipoisha nikatafuta nyingine inayoanza palepale nilipokwisha kufika. Nilikuwa na vyeti saba vya mtandaoni nilivyovichapisha pale Mwanga na kuviweka katika bahasha moja. Sikuwa nimeandika hata programu moja ambayo mtu mwingine angeweza kuitumia bila mimi kukaa pembeni yake, isipokuwa ile niliyomwandikia mama mkubwa, ambaye ananunua dagaa katika mwalo wa Kibirizi na kuwauzia wafanyabiashara wanaowasafirisha kwenda mikoa mingine. Hiyo niliiona kuwa ndogo mno, hata sikuitaja katika barua yangu ya maombi.

Nikaitwa kwenye usaili Dar es Salaam. Sitaitaja ofisi ile. Waliniuliza mambo mengi nikayajibu vizuri, kisha wakaniwekea mezani karatasi yenye mistari mitatu:

def pokea(gunia, orodha=[]):
    orodha.append(gunia)
    return orodha

Swali lilikuwa hili: ukiita pokea(1), halafu ukaita pokea(2), utapata nini katika kila mwito? Nilijibu bila kusita kwamba mwito wa kwanza utarudisha orodha yenye 1 peke yake, na wa pili orodha yenye 2 peke yake. Mmoja wa wasaili akacheka waziwazi, akamwambia mwenzake kwamba vijana wa mikoani hujifunza kwa kukariri. Sikuitwa tena. Maneno yale bado yananiuma, na sitajifanya nimeyasahau. Lakini jibu langu lilikuwa kosa.

Jibu sahihi ni kwamba mwito wa pili unarudisha orodha yenye 1 na 2. Python huunda ile orodha tupu mara moja tu, wakati inapoutekeleza mstari wa def, yaani ule unaoianzisha fanksheni, kisha huiambatanisha na fanksheni. Kila unapoiita fanksheni bila kuipa orodha yako, inatumia ile ile ya tangu mwanzo, pamoja na vyote vilivyokwisha kuwekwa ndani yake. Dawa yake ni kuandika orodha=None, yaani hakuna kitu, kisha ndani ya fanksheni ukasema kwamba ikiwa orodha ni None, iundwe mpya. Ni mistari miwili ya ziada, wala hakuna kozi hata moja kati ya zile saba iliyonifundisha, au pengine ilifundisha nami nikaipita kwa sababu sikuwa na tatizo lililonilazimisha kuisikiliza.

Nilirudi Kigoma kwa treni. Tulipopita Uvinza nikafungua kompyuta na kuipitia ile programu ya mama mkubwa, na nilichokiona kilinifedhehesha kuliko kile kicheko. Mtego ule ule ulikuwa ndani yake. Miezi miwili kabla ya hapo mama mkubwa alikuwa amenilalamikia kwamba magunia ya mteja mmoja yanatokea katika hesabu ya mteja mwingine, nami nikamjibu kwamba huenda ameingiza vibaya. Hakuwa ameingiza vibaya.

Asubuhi niliyofika nilikwenda moja kwa moja Kibirizi kumwomba radhi. Alikuwa ameketi juu ya gunia, daftari lake la mistari likiwa mapajani. Nikamwamkia, akaitikia, akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Baba, hilo nimekuelewa. Sasa niambie magunia yangu ya Jumanne yamekwenda wapi, maana hayamo kabisa." Nikadhani ni kosa lile lile. Lilikuwa jingine, na baya zaidi.

Ilikuwa siku za mbalamwezi, wakati ambao wavuvi wa dagaa hupumzika kwa kuwa taa zao hazivuti samaki kama usiku wa giza, kwa hiyo mama mkubwa alikuwa na nafasi. Tulikaa siku mbili tukilinganisha daftari na faili, mstari kwa mstari. Kumbe binti anayemsaidia kuingiza hesabu alikuwa akiandika uzito mara nyingine "45.5", mara nyingine "45,5", na siku ile ya Jumanne aliandika "45kg". Python haiwezi kugeuza maandishi ya namna mbili hizi za mwisho kuwa namba, na hutoa hitilafu iitwayo ValueError. Mimi, ili programu isisimame mbele ya watu, nilikuwa nimeizungushia try (jaribu), na chini yake nikaandika except (ikitokea hitilafu) bila jina la hitilafu, ikifuatwa na pass (pita tu). Maana yake nilikuwa nimeiamuru kompyuta kwamba lolote litakalotokea, inyamaze na kuendelea. Nayo ilinyamaza. Kila uzito ulioandikwa visivyo ulifutika katika hesabu bila neno, na fedha ya mwanamke anayeamka saa kumi za usiku ikapotea katika jumla.

Basi, ndugu yangu wa Kasulu, hapo ndipo nilipoanza kujifunza Python ya kiwango cha kati, nami nakushauri uanzie hapo. Usiongeze somo. Mtafute mtu mmoja mwenye hesabu ya kweli, umwandikie programu, na umwache aitumie wewe ukiwa mbali. Hitilafu zitakuja zenyewe, na kila moja itakufundisha jambo ambalo mwalimu wa video hawezi kukufundisha, kwa sababu mwalimu hupanga data zake zikae sawa kabla hajawasha kamera.

Soma ujumbe wa hitilafu wote. Anza na mstari wa mwisho, ndio unaotaja aina ya kosa, kisha panda juu hadi ufike kwenye mstari ulioandika wewe mwenyewe. Usiikamate hitilafu usiyoitaja kwa jina. Mimi sasa nakamata ValueError peke yake, naweka kando namba ya mstari pamoja na maandishi yake kama yalivyo, na mwisho wa kazi programu inamwonyesha mama mkubwa orodha ya mistari iliyokataliwa ili airekebishe mwenyewe. Uzito nauhifadhi kwa gramu na fedha kwa shilingi kamili, kwa sababu ukiiambia Python ijumlishe 0.1 na 0.2 itakupa 0.30000000000000004, na mfanyabiashara hataki kuelezwa habari za namna kompyuta inavyotunza desimali.

Jambo lililonisaidia kuliko yote ni daftari lile. Nilichagua siku kumi ambazo jumla yake mama mkubwa alikuwa ameipiga kwa mkono na ana hakika nayo, nikaziandika kama majaribio kwa neno assert, ambalo husimamisha programu jibu lisipokuwa lile linalotarajiwa, na tangu siku hiyo sibadilishi hata mstari mmoja bila kwanza kuyapitisha majaribio yale kumi. Bila hivyo unakuwa unabahatisha.

Kuhusu bando, huna haja ya kuwa hewani muda wote. Maelezo rasmi ya Python yanapakuliwa mara moja kutoka tovuti yake na kusomwa bila intaneti, na ndani ya Python yenyewe kuna help(), inayokupa maelezo ya kitu unachokiulizia. Ila jihadhari na madokezo ya zamani yanayozunguka kwenye flashi: ukiona print imeandikwa bila mabano, hiyo ni Python 2, ambayo iliacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Yaache.

Najua wapo wasomaji watakaosema kwamba hesabu za dagaa si kazi ya mtaalamu, na kwamba wanataka kwanza akili bandia na mambo makubwa. Nilisema hivyo mimi pia, nikaificha kazi yangu pekee ya kweli nikapeleka bahasha ya vyeti. Tunadharau matatizo ya nyumbani kwetu, halafu tunashangaa tunapokosa la kuonyesha. Vijana wa Kigoma, Kasulu na Kibondo, acheni kuona haya kuandika programu za mama zenu.

Kijana wa Kasulu amenijibu juzi. Mama yake anakopesha maharage kwa wauzaji wadogo, naye ameanza kuandika programu ya madeni hayo. Alinitumia ujumbe mzima wa hitilafu, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho uliosema KeyError, yaani jina linalotafutwa halimo katika kamusi, na chini yake akaongeza kwamba ameshaigundua: jina la mteja mmoja lilikuwa limeandikwa likiwa na nafasi moja tupu mwishoni, kwa hiyo halikulingana na lile lililomo katika kamusi.