Maswali ya Wasomaji: Linux Imegoma Kuwaka

Safari hii tumekusanya maswali kuhusu Linux inayokataa kuwaka. Karibu kila aliyetuandikia amemalizia kwa kuuliza kama asakinishe upya. Tunakusihi usifanye hivyo kwanza. Kusakinisha upya hufuta ushahidi, na mara nyingi hufuta na mafaili yako, ilhali chanzo huwa ni mstari mmoja ulioandikwa vibaya au namba moja iliyobadilika.

Mfumo huwaka kwa kupokezana. UEFI, au BIOS kwenye mashine za zamani, yaani programu iliyo kwenye ubao mama, huamka kwanza na kuiita GRUB, programu yenye menyu ya kuchagua mfumo. GRUB hupakia keneli, yaani kiini cha mfumo, pamoja na faili la initramfs, mfumo mdogo wa muda unaoisaidia keneli kuanza. Keneli hutafuta patisheni (sehemu ya diski) yenye mfumo, kisha programu ya systemd huanzisha huduma hadi ufike kwenye skrini ya kuingilia. Tazama ni nani aliyeandika maneno ya mwisho kwenye skrini: yeye, au yule aliyepaswa kumpokea, ndiye mwenye tatizo. Piga picha maneno hayo kabla hujazima. Andaa pia flashi ya GB 8 au zaidi yenye Linux inayowaka bila kusakinishwa. Hapa tutaiita flashi ya uokozi.

Swali: Nilifuta patisheni niliyodhani haina kazi ili nipate nafasi. Sasa kompyuta inaandika "error: no such partition" na chini yake "grub rescue>". Hata amri ya help haikubali. Je, nimepoteza kila kitu?

Jibu: Ikiwa uliyofuta siyo patisheni ya mfumo wala ya mafaili yako, hujapoteza kitu. Kinachozungumza nawe hapo ni kipande kidogo cha GRUB kilichofichwa mwanzoni mwa diski. Sehemu yake kubwa imo kwenye folda ya /boot/grub, na kipande hicho kinaikumbuka kwa namba ya patisheni. Ulipofuta patisheni moja, namba za zilizofuata zilisogea, hivyo kinabisha hodi kwenye mlango usio wake. Amri ya help nayo imo kwenye sehemu kubwa ambayo haijapatikana. Ndiyo maana inakataliwa.

Chomoa flashi zote ili zisivuruge hesabu ya diski, kisha anza na:

`ls`

Utaona orodha kama (hd0) (hd0,msdos1) (hd0,msdos5). Diski huhesabiwa kuanzia 0, patisheni kuanzia 1. Jaribu moja baada ya nyingine:

`ls (hd0,msdos5)/boot/grub`

Ukijibiwa "unknown filesystem", nenda kwenye inayofuata. Kama /boot yako ina patisheni yake, njia itakuwa /grub tu. Ukiyaona majina ya mafaili, umefika:

`set prefix=(hd0,msdos5)/boot/grub`
`set root=(hd0,msdos5)`
`insmod normal`
`normal`

Menyu itatokea na mfumo utawaka. Usishangilie mapema, kwa kuwa ulichoandika kitasahaulika ukizima. Ukishaingia, fungua terminali na uandike:

`sudo grub-install /dev/sda`
`sudo update-grub`

Andika jina la diski nzima, yaani sda, wala si sda5. Diski ya NVMe huitwa /dev/nvme0n1. Amri hizi ni za Debian, Ubuntu na jamaa zao. Kwenye Fedora yenye UEFI usitumie grub2-install kabisa. Sakinisha upya vifurushi vyenyewe kwa `sudo dnf reinstall shim-* grub2-*`.

Wakati mwingine `insmod normal` hujibu kwamba alama fulani haikupatikana, "symbol not found". Maana yake kile kipande cha mwanzo ni cha toleo moja na moduli ni za toleo lingine, jambo linalotokea hasa pale sasisho lilipoandika GRUB kwenye diski nyingine. Usipoteze muda na rescue. Washa kwa flashi ya uokozi, tambua patisheni ya mfumo kwa `lsblk -f`, kisha:

`sudo mount /dev/sda5 /mnt`
`for d in dev proc sys run; do sudo mount --rbind /$d /mnt/$d; done`
`sudo chroot /mnt`

Sasa uko ndani ya mfumo wako mwenyewe, na unaweza kurudia grub-install na update-grub. Kwenye mashine ya UEFI, kabla ya chroot pachika pia patisheni ya EFI, ile ndogo ya vfat, kwenye /mnt/boot/efi. Tumeandika --rbind badala ya --bind kwa makusudi: bila hiyo, sehemu ya UEFI iliyo ndani ya /sys haifuati, na grub-install italalamika kwamba "EFI variables" hazitumiki kwenye mfumo huu.

Swali: Nina Windows na Linux kwenye diski moja. Baada ya sasisho la Windows, menyu ya GRUB imetoweka na kompyuta inaingia Windows moja kwa moja.

Jibu: GRUB yako ipo, kilichobadilika ni foleni. Mashine ya UEFI huhifadhi kwenye ubao mama orodha ya nani aitwe kwanza, na Windows imejipanga mbele. Ingia kwenye mipangilio ya UEFI (F2, Del, F10 au Esc, kutegemea mtengenezaji) na upandishe jina la Linux yako juu ya "Windows Boot Manager". Kama mipangilio haikupi nafasi hiyo, tumia flashi ya uokozi:

`sudo efibootmgr`
`sudo efibootmgr -o 0003,0000`

Amri ya kwanza inaonyesha namba; ya pili inapanga foleni, na 0003 hapa ni mfano wa namba ya Linux. Hakikisha flashi yenyewe imewaka kwa UEFI: folda ya /sys/firmware/efi isipokuwepo, imewaka kwa mtindo wa zamani na efibootmgr haitafanya kazi.

Neno moja la tahadhari. Ikiwa Windows imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows linaloficha data ya diski, andika pembeni ufunguo wake wa tarakimu 48 kabla ya kugusa Secure Boot (ulinzi wa UEFI unaokagua kinachowashwa) au foleni hii. Bila ufunguo huo unaweza kujifungia nje ya Windows yako.

Kwa walio na shida ya kinyume, GRUB ipo ila Windows haionekani ndani yake: tangu GRUB 2.06 ya mwaka 2021, kazi ya kutafuta mifumo mingine imezimwa. Weka `GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false` kwenye /etc/default/grub, hakikisha kifurushi cha os-prober kipo, kisha endesha update-grub.

Swali: Umeme ulikatika kompyuta ikiwa inafanya kazi. Sasa inaishia kwenye maneno "(initramfs)" na haisogei.

Jibu: Andika `exit` na ubonyeze Enter. Haitatoka, lakini itakuambia kwa nini imekwama, na jibu hilo ndilo linaloamua hatua inayofuata.

Ikisema "RUN fsck MANUALLY", mfumo wa mafaili uliachwa katikati ya kuandika. Jina la patisheni limetajwa hapo hapo. Kwa ext4, aina ya mfumo wa mafaili iliyozoeleka kwenye Linux, irekebishe kwa fsck:

`fsck -y /dev/sda2`
`reboot`

Herufi ya -y inakubali kila marekebisho. Vipande visivyojulikana vilitoka folda gani utavikuta kwenye lost+found.

Ila subiri kabla ya kubonyeza Enter. Andika kwanza `dmesg` na utafute maneno "I/O error". Ukiyaona yakijirudia, huenda diski yenyewe inakufa, na fsck itaisukuma kaburini kwa kuandika juu ya sehemu zilizooza. Washa kwa flashi ya uokozi, nakili diski nzima kwenda nyingine kwa ddrescue, kisha fanyia matengenezo ile nakala. Amri ya `sudo smartctl -a /dev/sda` itathibitisha: tazama Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector. Namba zinazopanda ni dalili ya kununua diski nyingine.

Ikisema "ALERT! UUID=... does not exist", hilo ni jambo jingine kabisa na fsck haitasaidia. Andika `blkid`, inayoonyesha UUID, yaani namba ya utambulisho, ya kila patisheni. Diski isipoonekana, kagua waya wake, au tazama kwenye mipangilio ya UEFI kama namna ya kuiendesha diski imegeuka kutoka AHCI kuwa RAID. Betri ya ubao mama ikiisha, mipangilio hurudi ya kiwandani. Ikionekana lakini kwa UUID tofauti, UUID ya patisheni ilibadilishwa, nawe itabidi urekebishe /etc/fstab, faili lenye orodha ya patisheni za kupachikwa mfumo unapowaka, na uendeshe update-grub kupitia chroot.

Kwa aina nyingine za mfumo wa mafaili: wenye XFS watumie xfs_repair. Wenye Btrfs tunawaomba wasikimbilie `btrfs check --repair`. Ni silaha ya mwisho, na inaweza kuongeza uharibifu.

Swali: Nimeongeza diski ya pili. Mfumo unasubiri dakika moja na nusu kisha unasema "You are in emergency mode".

Jibu: Mstari wa diski hiyo kwenye /etc/fstab una kosa. Sekunde 90 ni muda ambao systemd huisubiri diski kabla ya kukata tamaa. Ingia kwa neno la siri la root, au bonyeza Enter kama huulizwi. Ukiambiwa akaunti ya root imefungwa, hariri faili hilo hilo kupitia flashi ya uokozi.

`mount -o remount,rw /`
`nano /etc/fstab`

Weka alama ya # mbele ya mstari mpya, hifadhi, washa upya. Kisha chukua UUID sahihi kutoka `lsblk -f` na uandike mstari wenye `nofail,x-systemd.device-timeout=10s` kwenye safu ya nne. Kwa maneno hayo, diski isipokuwepo mfumo utawaka bila yake. Kabla ya kuzima tena, endesha `sudo findmnt --verify` na `sudo mount -a`. Zikinyamaza au kusifu, uko salama.

Swali: Baada ya kuchagua Linux kwenye GRUB, skrini inakuwa nyeusi tu.

Jibu: Mara nyingi ni draiva ya kadi ya picha. Kwenye menyu ya GRUB bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na linux, ongeza `nomodeset` mwishoni mwake, kisha Ctrl+X. Ukiingia, sakinisha draiva inayofaa na uache kutumia neno hilo, maana linalemaza kasi ya picha.

Swali: Baada ya sasisho napata "Kernel panic: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)".

Jibu: Keneli mpya imewaka bila initramfs yake, na mshukiwa wa kwanza ni /boot iliyojaa: sasisho lilianza kuandika faili hilo likakosa nafasi. Bonyeza Esc mashine inapoanza, au Shift kwenye BIOS, ingia "Advanced options" na uchague keneli ya zamani. Kisha:

`df -h /boot`
`sudo apt autoremove --purge`
`sudo update-initramfs -c -k 6.8.0-45-generic`
`sudo update-grub`

Badilisha namba hiyo iwe ya keneli iliyogoma; utaiona kwa `dpkg -l 'linux-image-*'`. Ikiwa apt yenyewe imekwama kwa kukosa nafasi, hamisha kwa muda faili moja la initrd.img la keneli ya zamani, isiyo ile inayotajwa na `uname -r`, lipeleke /root, kisha endesha `sudo dpkg --configure -a`. Usifute keneli kwa rm: apt itaendelea kuamini zipo.