Gari la umeme nyumbani: chaji polepole, tena usiku

Saa nane usiku Kenya haina uhaba wa stima ya kuchaji magari. Matumizi huwa yameshuka sana, na wakati mwingine mvuke wa ardhini wa kuzalisha stima Olkaria huachiliwa hewani kwa kukosa mnunuzi. Shida huja jioni, watu wakirudi kutoka kazini, na hubanana kwenye transfoma ya mtaa.

Chukua transfoma ya kVA 50 (kVA ni kipimo cha uwezo, karibu sawa na kilowati). Ina fezi tatu, yaani njia tatu za stima zinazogawiwa nyumba, kwa hiyo kila fezi hubeba takriban kVA 17. Chaja ya ampea 32 huvuta zaidi ya kilowati 7. Majirani wawili wa fezi moja wakichomeka pamoja, karibu wameimaliza kabla mtu hajawasha shawa ya moto. Volti zinashuka, fyuzi inaungua, na nyumba zote za fezi hiyo zinabaki gizani.

Kwa hiyo kabla ya kununua chaja kubwa, hesabu safari zako. Kilomita 40 kwa siku zinahitaji kama uniti 8. Kwa ampea 10 tu utazirudisha kwa muda usiozidi saa nne. Wengi hawahitaji zaidi ya hapo.

Lakini soketi ya ukutani isibebeshwe ampea 13 usiku kucha: skrubu ikilegea kidogo, waya hupata joto na plastiki huyeyuka. Itengee saketi yake, na usitumie ekstensheni kabisa.

Ukiamua kuweka ampea 32, waya wa shaba wa milimita mraba 6 unatosha hadi kama mita 30 kutoka kwenye bodi ya fyuzi. Ukizidi hapo, au ukipita darini penye joto, weka wa 10. Kinga ya kuvuja kwa stima, yaani swichi inayokata stima inapovuja, iwe ya miliampea 30, aina B, au aina A ikiwa chaja yenyewe hutambua uvujaji wa DC (stima ya mkondo mnyoofu, kama ya betri) wa miliampea 6. Usikubali aina AC hata ikiwa bei nafuu. Mkondo wa DC huipumbaza, isikate mtu anaponaswa. Tena mwambie fundi apime athi (waya unaoingia ardhini) kwa mita, asikisie. Kama nyumba ina shawa ya moto, tafuta chaja yenye kihisi kwenye waya mkuu, ijipunguze yenyewe shawa inapowaka.

Tangu 2023 kuna bei maalumu ya kuchaji magari, na kuanzia saa nne usiku bei ya msingi ya uniti hushuka hadi nusu. Hata hivyo, msianze nyote saa nne kamili: mmoja aweke saa tano, mwingine saa saba. Na chaja isubiri dakika kadhaa stima inaporudi, maana dakika hiyo friji zote za mtaa huwaka pamoja.