Ukimuuguza mgonjwa wa saratani ya mapafu hapa Dar

Tangu tulipomuuguza mama mkubwa, simu yangu imegeuka dawati la maulizo. Leo shemeji wa rafiki, kesho mtu nisiyemjua kabisa aliyepewa namba na jirani. Wote wanauliza tuanzie wapi. Mimi si daktari, nilikuwa msindikizaji tu, ila kwenye mabenchi ya hospitali mtu hujifunza mengi ambayo hakuna anayepata nafasi ya kukaa kukueleza.

Tuanze na kikohozi. Kwetu, mtu akikohoa wiki nenda wiki rudi, akakonda na kutoa damu, kila anayemwona anawaza TB. Si ajabu, TB ipo tele. Ila saratani ya mapafu huja na dalili hizohizo, na hata kwenye eksirei doa linaweza kufanana. Mama mkubwa alimezeshwa dawa za TB kwa miezi huku makohozi yake hayajawahi kuonyesha kimelea. Wakati mwingine daktari ana sababu nzuri ya kuanza dawa hata makohozi yakiwa safi, kwa hiyo usimgombeze. Lakini dawa zikishakwenda wiki kadhaa na mgonjwa anazidi kudhoofika, muulize kwa adabu: "Daktari, hatuhitaji siti skani?" Ni ile picha inayoonyesha mapafu kwa undani kuliko eksirei.

Siti skani ikionyesha uvimbe, safari haijafika. Lazima kichukuliwe kinyama cha uvimbe kikapimwe patholojia, yaani maabara ya kuchunguza seli. Hapo ndipo familia nyingi hukwama. Mjomba wetu alisimama katikati ya sebule akasema sindano ikigusa uvimbe utasambaa, tena kuna mtu wa Tanga anafahamu mizizi. Tulimsikiliza, tukampa chai, na asubuhi tukaenda kutoa kinyama. Bila jibu lile daktari anapapasa gizani. Kuna saratani ya mapafu ya seli ndogo, inayokwenda kasi na kutibiwa zaidi kwa dripu za kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, na mionzi, na kuna ile isiyo ya seli ndogo, ambayo wagonjwa wengi ndiyo wanayo na ambayo ikiwahiwa huweza kufanyiwa upasuaji. Matibabu ni tofauti kabisa.

Sasa faili. Eksirei unaweza kupiga hospitali ya wilaya, kinyama kikatolewa Muhimbili, mionzi ukaifuata Ocean Road, taasisi ya saratani, pale kwenye majengo ya zamani ya Mjerumani yanayotazama bahari. Karatasi hazitembei zenyewe. Chagueni mtu mmoja katika ukoo, mtulivu, asiyeona haya kuuliza, awe ndiye anayeingia na mgonjwa kila siku ya kliniki. Watu watano wakipokezana, kila mmoja anatoka na maelezo yake, na jioni ni ugomvi kwenye kundi la WhatsApp la familia. Mtu huyo awe na daftari: dawa gani, tarehe gani, daktari kasema nini, maswali ya safari ijayo. Karatasi zote azipige picha kwa simu, na sidii ya siti skani asimwachie mtu.

Kuhusu pesa nitasema machache. Mwenye bima aulize kabla, si baada, kama dawa aliyoandikiwa inalipiwa. Asiye na uwezo asikimbie hospitali kwa aibu. Aende ofisi ya Ustawi wa Jamii hapohapo hospitalini na barua ya serikali ya mtaa, aeleze hali yake. Utazungushwa kidogo. Vumilia.

Siku ya dripu, kama mnatoka mbali, Mwendokasi hadi Kivukoni kisha bajaji inafaa asubuhi. Kurudi, jibaneni mpate teksi au gari la ndugu. Kemo hushusha kinga ya mwili, na kumsimamisha mgonjwa kwenye basi lililojaa watu wanaokohoa si jambo la busara. Nunueni kipimajoto. Joto likifika nyuzi 38, hiyo si homa ya kumeza panadoli na kulala, ni ya kwenda hospitali saa ileile.

Jambo ninalolisema kwa sauti kubwa kuliko yote ni maumivu. Wazee wetu wamelelewa kuvumilia. Daktari anauliza "unajisikiaje mama?" naye anajibu "nashukuru Mungu," wakati usiku mzima alilia. Msindikizaji ndiye wa kusema: hakulala, anaumwa mgongoni, hawezi kulalia ubavu wa kushoto. Ocean Road wana kitengo cha tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu na kumpa mgonjwa nafuu, na watu wakisikia jina hilo wanadhani mgonjwa ameshakatiwa tamaa. Siyo. Unaweza kuwa kwenye mionzi na ukapata tiba shufaa wakati huohuo.

Walimpa mofini ya maji, dawa kali ya maumivu. Dada yangu aliificha chupa kabatini akiogopa mama atakuwa teja. Muuguzi mmoja alitukalisha akatuelekeza vizuri: mofini hutolewa kwa saa zilizopangwa, hamsubiri maumivu yapande ndipo muanze kuyakimbiza, na dozi hupimwa kwa kifaa walichokupa, si kijiko cha chai. Inafunga choo, kwa hiyo ombeni na dawa ya kulainisha, papai peke yake halitoshi. Ikitolewa kwa kipimo cha daktari husaidia hata ile hali ya kuhema. Pumzi ikimkata, mkalishe ameinamia mbele kwenye mto, washa feni ielekee usoni, na wageni wote watoke chumbani.

Wageni hao ndio waliokuwa wakiuliza, "Kwani alikuwa anavuta sigara?" Mama mkubwa hakuwahi kuishika. Na hata angevuta, swali hilo lingemsaidia nini kitandani? Kama mgonjwa wako anavuta, msaidie aache sasa, matibabu hufanya kazi vizuri zaidi, lakini hukumu ziacheni mlangoni.

Kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari andikeni mambo ya kutosubiri kupambazuke: akikohoa damu nyingi, uso na shingo vikivimba, miguu ikilegea ghafla au mkojo ukigoma, au akianza kuchanganyikiwa. Pembeni yake andikeni namba ya dereva mmoja anayepokea simu usiku.