Kwa Nini Maldini Alipendwa Hata na Wapinzani?

SWALI: Ndugu Mhariri, Paolo Maldini alikuwa beki, hakufunga mabao mengi, wala hakutwaa Kombe la Dunia. Kwa nini basi alipendwa kiasi kile, hata na mashabiki wa timu pinzani? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, sababu ya kwanza ni uaminifu, kwa kuwa Maldini, aliyeanza kuichezea AC Milan katika Ligi Kuu ya Italia Januari 1985 akiwa na umri wa miaka 16, hakuihama klabu hiyo hadi alipostaafu mwaka 2009, akiwa ameichezea mechi 902 na kutwaa nayo ubingwa wa Ulaya mara 5. Jina la ukoo nalo lilikuwa na uzito, maana baba yake, Cesare, alilinyanyua kombe hilo akiwa nahodha wa Milan mwaka 1963, na mwana akafanya vivyo hivyo mwaka 2003.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, kilichowavuta wapinzani ni namna alivyokaba: aliusoma mapema mwelekeo wa mpira na kusimama mahali panapofaa, hivyo mara nyingi hakulazimika kumrukia mshambuliaji miguuni. (Sura yake nzuri, tusifiche, ilichangia pia.)

Ajabu ni kwamba waliomzomea walikuwa watu wa nyumbani. Mei 2009, alipowaaga mashabiki katika uwanja wa nyumbani wa Milan, San Siro, kwenye mechi dhidi ya Roma, kundi la mashabiki sugu wa Milan, ambalo aliwahi kukwaruzana nalo, lilimzomea. Wiki moja baadaye, mjini Florence, mashabiki wa Fiorentina walimshangilia kwa makofi.