Barua ya VA peke yake haitoshi: yaliyonikuta nikiomba SSDI

Januari 2019 niliacha kazi ya ghala hapa Texas kwa sababu mgongo ulikataa. Wakati huo VA, idara ya Marekani inayohudumia waliokuwa wanajeshi, walikuwa wananilipa fidia ya asilimia 80: mgongo, magoti yote mawili, na PTSD, yaani jeraha la akili la vita, niliyorudi nayo kutoka Iraki, nilikokuwa dereva wa malori ya jeshi. Nikaomba SSDI, malipo ya ulemavu ya Social Security, shirika la hifadhi ya jamii la serikali. Niliamini kwamba nikiwapelekea ile barua ya VA yenye asilimia yangu, wataisoma na mambo yatakwisha. Wakanikataa. Nikakata rufaa, wakanikataa tena. Nilikuja kupata haki yangu mbele ya hakimu, mwaka 2022. Naandika kwa ajili ya ndugu zangu tuliotoka Kenya, Tanzania na Kongo tukavaa sare ya Marekani, kwa sababu makosa niliyofanya naona wengine wakiyarudia.

Kwanza niondoe hofu ninayoisikia kila wiki kwenye simu: "Kaka, nikiomba SSDI, VA hawatanikata?" Hawatakukata. SSDI ni bima uliyoilipia. Mishahara ya jeshi inakatwa michango ya Social Security tangu 1957, na kazi ya uraiani uliyofanya baadaye ilikatwa pia. Fidia ya VA haipunguzi SSDI, wala SSDI haipunguzi fidia. Kinachochanganya watu ni SSI, ambayo ni msaada kwa wenye kipato kidogo. Huko pesa ya VA inahesabiwa na inaweza kukufungia mlango kabisa. Hali kadhalika ile pensheni ya VA inayotolewa kwa kuangalia kipato, ambayo si fidia, hupungua ukianza kupokea SSDI. Ukiongea na Social Security au VA, taja kwa jina unachoomba.

Sasa kiini cha mambo. VA wanataka kujua jeshi limekuumiza nini na kwa kiasi gani, na jibu lao huja kwa asilimia. Social Security hawana asilimia. Kwao ni ndiyo au hapana: je, maradhi yako yote yakiwekwa pamoja, unaweza kufanya kazi ya kukuingizia riziki, na hali hiyo itadumu angalau miezi 12? Mwaka 2025 kipimo chao kilikuwa dola 1,620 kwa mwezi kabla ya makato; ukipata zaidi ya hapo kwa jasho lako, kwa kawaida ombi haliendi mbali. Na kwa maombi yote yaliyopelekwa tangu mwishoni mwa Machi 2017, hawalazimiki kuupa uamuzi wa VA uzito wowote. Wanachopaswa kukisoma ni ushahidi ulio nyuma yake: picha za MRI, maandishi ya madaktari, ripoti ya uchunguzi wa fidia. Mimi nilipeleka barua na asilimia yangu, nikadhani faili langu la hospitali litajileta lenyewe. Daktari wa magoti niliyekuwa namwona nje ya VA hata sikumwandika kwenye fomu.

Kosa lingine ni kisukari. Ninacho, na miguu inakufa ganzi. Lakini VA walikuwa wamekataa kwamba kilitokana na jeshi, basi nami nikakiacha nje ya ombi. Social Security hawaulizi ugonjwa ulitoka wapi. Andika kila kitu: presha, usingizi, macho, dawa zinazokufanya usinzie mchana.

Fomu iliyoniangusha hasa ni ile ya kueleza maisha yako ya kila siku. Niliijaza mezani jikoni usiku, peke yangu. Walipouliza unaweza kutembea umbali gani kabla ya kupumzika, niliandika "maili moja". Jeshini tumefundishwa kutolalamika, na nyumbani kwetu mwanamume aliyelelewa vizuri hahesabu maumivu yake mbele ya wageni. Nikaipeleka hivyo. Nilipokataliwa, mke wangu aliomba aione nakala. Akaisoma kimya, kisha akaweka kidole pale kwenye maili moja. "Baba watoto, Jumamosi ulishuka garini, ukafika mlangoni kwa duka, ukashika kigari cha manunuzi ukasimama ukivuta pumzi. Hiyo ndiyo maili?" Sikuwa na la kujibu. Fomu zilizofuata tulizijaza pamoja, yeye akitaja anayoyaona na mimi nikiandika: kwamba yeye hunifunga viatu, kwamba mimi hulala mchana kati ya saa nane na saa kumi kwa sababu usiku sikulala, kwamba sijaenda kanisani kukiwa na watu wengi tangu mwaka fulani. Hakuna tulichoongeza. Tuliacha tu kuficha.

Usisubiri VA wamalize. Mimi nilisubiri karibu miaka miwili nikidhani asilimia ikipanda ombi litakuwa na nguvu, nikaomba Desemba 2020. Malipo ya nyuma ya SSDI hayavuki miezi 12 kabla ya mwezi ulioomba, na miezi mitano ya mwanzo ya ulemavu hailipwi. Hesabu hiyo ilinigharimu miezi mitano mingine ya pesa ambayo hakuna rufaa inayoweza kuirudisha. Rafiki yangu ilimuumiza zaidi. Bima hii ina mwisho: kwa wengi wetu tuliozidi miaka 31, inatakiwa uwe umefanya kazi kama miaka mitano kati ya kumi ya karibuni kabla ya kuumwa. Yeye alikaa miaka saba bila kazi ndipo akaomba, na ikabidi athibitishe kwamba alikuwa hawezi kazi zamani zile kabla bima haijaisha, wakati ambapo hakuwa anakwenda hospitali. Inaniuma mpaka leo nikimfikiria.

Kama VA wamekupa asilimia 100 ya kudumu, waambie Social Security siku ya kwanza na uwape ile barua. Faili lako litapewa kipaumbele. Hali ni hiyo pia kwa aliyepata ulemavu akiwa kazini jeshini tangu Oktoba 1, 2001. Kipaumbele ni cha kasi tu, uamuzi bado unapimwa kwa ushahidi uleule.

Kesi yangu ilisikilizwa kwa simu. Kulikuwa na mtaalamu wa ajira ambaye hakimu alimuuliza mtu wa umri na ujuzi wangu anaweza kazi gani za kukaa. Akataja mbili tatu. Moyo ukanidunda. Kisha wakili wangu akauliza: na kama mtu huyo atakosa kazi siku tatu kila mwezi, na anahitaji kujilaza kila mchana? Mtaalamu akanyamaza kidogo, akasema hakuna mwajiri atakayemweka. Yale ya saa nane hadi saa kumi, yaliyoandikwa kwa mkono jikoni kwetu na kuungwa mkono na maandishi ya daktari wangu wa VA, ndiyo yaliyonibeba. Nilikuwa na miaka 47. Ukifika 50 kanuni zinalegea kidogo, lakini chini ya hapo utabanwa kwenye kazi za kukaa, kwa hiyo jiandae kueleza kwa nini hata kukaa huwezi.

Wakili halipwi kabla. Akishinda hupata robo ya malimbikizo, na kwa mwaka 2025 kikomo kilikuwa dola 9,200. Ukishindwa, hana ada ya kukudai. Na kama mke au mzazi wako atatoa ushahidi na Kiingereza kinamshinda, omba mkalimani wa Kiswahili. Ni bure, na ni haki yake.

Ukiwa na barua ya kukataliwa hapo nyumbani, itafute leo uangalie tarehe. Una siku 60 tangu uipokee, na wao huhesabu kwamba uliipata siku ya tano baada ya tarehe iliyoandikwa juu. Kata rufaa kwanza, hata kama faili halijakamilika. MRI utaileta baadaye.